Chanjo za Watoto na Dhambi ya Kumjaribu Mungu

Upo usemi unaozidi kusikika katika sharika zetu, mijini na vijijini: kwamba mtoto wa Mkristo aliyeokoka hahitaji sindano, kwa sababu analindwa na damu ya Yesu. Usemi huu huanzia kwenye maombi ya usiku, hupita kwenye vikundi vya simu, hufika nyumbani kwa mama aliyejifungua juzi, na mwisho wake ni kadi ya kliniki iliyofichwa chini ya godoro. Wanaousema wanaamini kwamba wanamtetea Mungu. Sisi tunasema, bila kuzunguka, kwamba hawamtetei. Wanamjaribu. Tena wanamjaribu kwa mwili wa mtu mwingine, mdogo asiyeweza kusema ndiyo wala hapana.

Katika makala haya tunazungumzia chanjo za watoto zinazozuia magonjwa ya bakteria: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, pamoja na nimonia na homa ya uti wa mgongo. Surua na polio ni magonjwa ya virusi, nayo yana habari yake. Tumechagua haya kwa sababu ushahidi wake ni wa miaka mingi, na kwa sababu ndiyo ambayo watu huyadharau wakisema, "Dawa zipo, mtoto akiugua tutampeleka hospitali." Tuanze hapo.

Magonjwa tunayoyasahau

Pepopunda huletwa na bakteria ambaye mbegu zake hukaa katika udongo na samadi kwa miaka mingi. Huingia kwa mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kilichopakwa kitu kisicho safi. Siku chache baadaye mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri hushindwa kunyonya. Taya hukaza, mgongo hupinda, na kila anapoguswa au kusikia kelele mwili wote hukakamaa. Kinachomuua ni sumu ya bakteria hao, na sumu hiyo ikishashika mishipa ya fahamu hakuna dawa ya kuing'oa. Hata anayepona hapati kinga, kwa maana kiasi cha sumu kinachotosha kuua ni kidogo mno kuufundisha mwili kujilinda.

Chanjo yake ni sumu ileile iliyovunjwa makali hadi haiwezi kudhuru. Mwili huitambua na kutengeneza kingamwili. Mama mjamzito akichanjwa, kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, naye huzaliwa akiwa tayari amevaa silaha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1988 watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa 25,000. Chanjo ya akina mama na uzazi safi ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Nchi yetu ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa imefikia kiwango cha kuutokomeza ugonjwa huu kwa watoto wachanga, yaani chini ya mtoto mmoja kwa kila vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Lakini mbegu hazijaondoka ardhini. Tukiacha kuchanja, zipo zinasubiri. Na kwa kuwa pepopunda haiambukizwi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, hakuna mtoto anayeweza kujificha nyuma ya chanjo ya mtoto wa jirani.

Dondakoo hufanya utando mzito kooni hadi mtoto akakosa hewa, na sumu yake hushambulia moyo. Kifaduro humkohoza mtoto mfululizo hadi pumzi inakatika. Kwa mtoto wa miezi miwili au mitatu kinaweza kumsimamisha kupumua hata bila kukohoa. Vijana wengi wa kipaimara hawajawahi kuyasikia majina haya nje ya kadi ya kliniki. Kusahaulika huko ni kazi ya chanjo yenyewe. Ni ajabu kwamba kazi hiyo imekuwa sababu ya kuidharau: watu wanasema hawauoni ugonjwa, basi chanjo ya nini? Ni sawa na mtu anayebomoa boma kwa kuwa muda mrefu hajamwona fisi.

Kisha wapo bakteria wawili wanaokaa puani na kooni mwa watoto walio wazima kabisa, na siku nyingine hushuka mapafuni au kuingia kwenye damu hadi kwenye ubongo. Mmoja huitwa Hib, mwingine pneumokokasi. Wote wawili hujifunika gamba la sukari, na mwili wa mtoto aliye chini ya miaka miwili haujui kulitambua gamba hilo. Ndiyo maana watoto wadogo ndio wanaokufa zaidi. Wataalamu waliichukua sukari hiyo wakaiunganisha na protini ambayo mwili wa mtoto huitambua, na kwa njia hiyo wakaufundisha kumjua adui ambaye asingemjua peke yake. Chanjo ya Hib imo ndani ya ile ya magonjwa matano ambayo Tanzania inatoa tangu 2009. Ya pneumokokasi ilianza mwaka 2013. Zote hutolewa mapajani, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Je, zinafanya kazi kwetu, au ni maneno ya Ulaya? Tuangalie Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti wamekuwa wakihesabu watoto wanaolazwa hospitalini kwa miaka mingi. Kenya ilianza chanjo ya Hib mwishoni mwa 2001. Katika muda wa miaka mitatu hivi ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano ulishuka kwa asilimia 88. Chanjo ya pneumokokasi ilianza 2011, na ugonjwa mkali wa aina zile za bakteria zilizomo katika chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huohuo. Zaidi ya hapo, ulishuka pia kwa watoto wachanga ambao walikuwa hawajafikia umri wa kuchanjwa, na kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa kabisa. Maana mtoto aliyechanjwa hambebi tena bakteria puani ili ampelekee mdogo wake na bibi yake. Hawa ni watoto wa Kiafrika, wanaokula ugali kama wetu, wanaolala katika nyumba kama zetu. Hatujui ni ushahidi gani zaidi ambao mzazi angetaka.

Sasa turudi kwa yule anayesema dawa zipo. Dhidi ya sumu ya pepopunda na dondakoo, dawa ya kuua bakteria hufika wakati sumu imekwisha kumwagika. Homa ya uti wa mgongo inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili, na wengi wa wanaopona hubaki viziwi au na ulemavu mwingine. Bakteria nao wanazidi kuzoea dawa zetu. Na hospitali anayoisema, kwa washarika wengi wa mitaa ya mbali, iko mwendo wa saa kadhaa kwa pikipiki wakati wa mvua. Wahenga walishasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata ukuta wakati mwingine haujengeki.

Walioacha walivuna nini

Wanaotutaka tuache chanjo hawatuletei jambo jipya. Limekwisha kujaribiwa, na mataifa yaliyolijaribu yalikuwa na hospitali nzuri kuliko zetu.

Japani mwaka 1974 ilikuwa ikichanja watoto wapatao 8 kati ya 10 dhidi ya kifaduro. Mwaka huo waliugua watu 393 na hakufa mtu. Ndipo hofu juu ya chanjo ikaenea, wazazi wakaacha, na kufikia 1976 ni mtoto mmoja tu kati ya 10 aliyekuwa akichanjwa. Mwaka 1979 waliugua watu zaidi ya 13,000 na wakafa 41. Nchi ileile, watu walewale, madaktari walewale. Kilichobadilika ni sindano.

Uswidi, nchi ya ndugu zetu Walutheri iliyotuletea wamisionari, ilisimamisha chanjo ya kifaduro mwaka 1979 na haikuirudisha hadi 1996, ilipopatikana chanjo iliyo bora zaidi. Kwa miaka hiyo 17 kifaduro kilirudi kuwa ugonjwa wa kawaida wa utotoni katika moja ya nchi tajiri duniani. Makanisa yalikuwepo, na maombi yalikuwepo.

Na baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, utaratibu wa chanjo ulipolegea, dondakoo liliibuka katika nchi zake miaka ya 1990. Waliugua watu zaidi ya 150,000 na kufa wapatao 5,000. Ugonjwa ambao vitabu vilikuwa vimeuita wa zamani ulirudi kana kwamba ulikuwa mlangoni siku zote. Na kweli ulikuwa mlangoni.

Zaburi aliyoitumia Ibilisi

Sasa tuje kwenye neno la Mungu, maana ndilo wanalolishika hao tunaowapinga. Andiko lao kubwa ni Zaburi ya 91, ile inayomtaja Mungu kuwa kimbilio na kuahidi ulinzi dhidi ya tauni na maangamizi. Sisi nasi tunaipenda zaburi hiyo. Tunaisoma kwa wagonjwa na msibani. Lakini tunawauliza wanaoitumia kupinga chanjo: mnakumbuka ni nani mwingine aliyeitumia? Katika Mathayo sura ya 4, Ibilisi alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini, naye akamtolea andiko. Hakwenda kulitafuta mbali. Alilitoa katika Zaburi ya 91. Na Bwana Yesu, ambaye ahadi hiyo ilikuwa yake kuliko ya mtu mwingine yeyote, alikataa kujitupa. Alijibu kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu.

Tutambue tofauti hapo. Ahadi ya Mungu ni kweli, na malaika wapo. Lakini mtu akiiacha ngazi kwa makusudi ili amlazimishe Mungu kumdaka, hiyo haiitwi imani. Na Bwana Yesu alitakiwa kujitupa mwenyewe. Hawa wa siku zetu wamesimama salama juu ya kinara wakiwa na kovu la chanjo begani, walilowekewa na wazazi wao, na anayerushwa ni mtoto.

Torati ina sheria moja inayosomwa mara chache. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya auzungushie ukingo paa lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba ni mpya. Hajaanguka mtu bado. Mungu hamwambii mwenye nyumba aombe ili wageni wasianguke. Anamwambia ajenge. Na anamwambia waziwazi kwamba asipojenga, damu itahesabiwa kwake. Ukingo huo haumponyi aliyevunjika mguu, unamzuia asivunjike. Chanjo ni ukingo wa namna hiyo, na Mungu aliyeagiza ule hawezi kuchukizwa na huu.

Tumtazame pia mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 20. Alikuwa mgonjwa wa kufa, akaomba na kulia, na Mungu akaahidi kumponya. Ahadi ilikuwa imekwisha kutoka kinywani mwa nabii. Hata hivyo Isaya akaagiza waandae mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Mbona tini, ikiwa Mungu amesema? Kwa sababu Mungu hana wivu na mikono anayoitumia. Nabii hakuona kwamba dawa inaipunguzia ahadi utukufu wake.

Na kwetu sisi Walutheri jambo hili lina historia ya pekee. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Martin Luther na mwenzake Johannes Bugenhagen walibaki kuwahudumia wagonjwa. Mwaka huohuo Luther aliandika barua ndefu kumjibu mchungaji Johann Hess wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Chanjo ilikuwa bado haijajulikana duniani. Lakini Luther aliwakemea vikali watu wa aina mbili: waoga wanaomtelekeza jirani mgonjwa, na majasiri wa uongo wanaodharau dawa na tahadhari wakijisifu kwamba wanamtumaini Mungu. Juu ya hao wa pili alisema kwamba hawamtumaini Mungu bali wanamjaribu, kwa sababu Mungu ndiye aliyeumba dawa na kumpa mwanadamu akili ya kuutunza mwili. Akaongeza kwamba anayekataa kujikinga kisha akamwambukiza mwenzake ana hatia ya damu. Anayetaka kusimama juu ya jina la Luther na kupinga chanjo, na aisome barua hiyo kwanza.

Katekisimo tuliyoikariri darasani inafundisha vivyo hivyo. Katika maelezo ya amri ya tano Luther hakuishia kwenye kisu na rungu. Alitufundisha kwamba amri hiyo inatudai tumsaidie jirani katika kila hitaji la mwili wake. Mtoto wako mwenyewe ndiye jirani yako wa kwanza. Mtoto mchanga wa nyumba ya pili, ambaye hajafikisha wiki sita, ni wa pili, maana kifaduro atakachokipata kitatoka kwa mkubwa wake asiyechanjwa anayembeba mgongoni.

Tuna neno lingine kwa wazazi wanaosema mtoto akue kwanza ndipo achague mwenyewe. Sisi ni kanisa linalobatiza watoto wachanga. Tunamleta kisimani mtoto asiyejua kusoma wala kusema, kwa sababu tunaamini kwamba kipawa kinaweza kumtangulia anayekipokea. Hatumsubiri achague. Tunaahidi mbele ya madhabahu, wazazi na wasimamizi, kwamba tutamlea. Mtu atasimamaje Jumapili akamwahidi Mungu kumlea mtoto, na Jumatatu akadai kwamba kumkinga na pepopunda ni kumnyima uhuru?

Hoja zinazobaki

Wapo wanaosema chanjo ya pepopunda huwafunga uzazi akina mama. Uvumi huu umezunguka Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Kama ungekuwa kweli, sisi wachungaji tungekuwa wa kwanza kuujua, kwa kuwa ndio tunaoshika daftari la ubatizo. Akina mama wa nchi hii wamekuwa wakichomwa sindano hiyo kliniki kwa miongo mingi. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, na ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Kama ni njama ya kutumaliza, basi ni njama iliyoshindwa kuliko zote duniani.

Wapo wanaosema wazee wetu hawakuchanjwa na waliishi. Waliishi waliobaki. Waulizeni bibi zetu walizaa wangapi na walizika wangapi. Wengi wana hesabu mbili, ya waliozaliwa na ya walio hai. Uchunguzi wa kitaifa wa 2004/05 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 43. Hatusemi ni chanjo peke yake. Vyandarua, maji safi, lishe na elimu ya akina mama vimo. Lakini hakuna anayejua mambo haya atakayeiondoa chanjo katika orodha hiyo.

Wapo wanaosema, "Wangu alichanjwa, na bado aliugua nimonia." Inawezekana. Nimonia huletwa na vijidudu vingi, vikiwemo virusi, na chanjo huzuia aina fulani tu, zile zinazoongoza kwa kuua. Kinga ya kifaduro hupungua miaka ikipita. BCG, ambayo mtoto wa kwanza aliipokea Paris mwaka 1921, humlinda mtoto mdogo dhidi ya kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwilini, lakini haimkingi vizuri mtu mzima dhidi ya kifua kikuu cha mapafu. Hatuna haja ya kuficha hayo. Ukingo wa paa nao haumzuii kila anayeanguka, na hakuna fundi anayeubomoa kwa sababu hiyo.

Wapo wanaosema chanjo imewahi kuua. Tunajibu kweli. Mwaka 1930 katika mji wa Lübeck, Ujerumani, BCG iliyotayarishwa katika maabara ya pale ilichanganyikana na bakteria hai wa kifua kikuu, na zaidi ya watoto 70 wakafa. Ilikuwa aibu kubwa, na waliohusika walifikishwa mahakamani wakahukumiwa. Tangu hapo usimamizi wa chanjo umekuwa mkali, na ni sawa uwe hivyo. Kosa la Lübeck lilikuwa uzembe, na uzembe hutibiwa kwa uangalifu. Madhara ya kawaida ambayo mama huyaona, yaani homa ya siku moja au mbili, uvimbe wa paja na kulia, ni madogo. Mzio mkali upo, lakini ni nadra sana, takribani mara moja katika dozi milioni moja, na ndiyo maana muuguzi humwambia mama asubiri kidogo kabla ya kuondoka. Mama anayeahirisha kwa kuwa hapendi kumsikia mwanawe akilia akumbuke kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mwisho, wapo wahubiri wanaosema kujikinga kwa vitu vya wanadamu ni upungufu wa imani. Kwao tuna swali moja. Usiku mnafunga milango? Tunawaona wakivaa miwani, wakifunga mkanda wa gari, wakitia kufuli kwenye chumba cha vyombo vya muziki, na kumweka mlinzi getini. Kama damu ya Yesu inahitaji kufuli ili kulinda spika, kwa nini mtoto aachwe wazi? Imani inayokinga mali na kuacha mtoto imekwisha kuonyesha inathamini nini.

Usharika ufanye nini

Kanisa letu lina hospitali: Haydom, Ndolage, Bumbuli, Ilembula na nyinginezo nyingi, pamoja na zahanati zilizojengwa kwa sadaka za washarika. Kanisa linalochanja watoto Jumatatu haliwezi kulaani chanjo Jumapili, wala kunyamaza pale mtu anapoilaani katika madhabahu yake. Wazee wa kanisa wanapomsikia mhubiri, wa kwetu au mgeni, akiwaambia akina mama waache kliniki, wasilione kuwa ni suala la maoni. Ni fundisho potofu, na limgharimulo mtoto uhai. Likemewe kama yanavyokemewa mafundisho mengine potofu, kwa upole kwanza, na kwa uthabiti lisipoachwa.

Katika maandalizi ya ubatizo, mchungaji au mwinjilisti awaulize wazazi habari za kadi ya kliniki. Hatusemi kadi iwe sharti la ubatizo. Neema ya Mungu haina sharti, na mtoto hawezi kunyimwa ubatizo kwa kosa la mzazi. Tunasema waulizwe, kwa sababu anayeahidi kulea anapaswa kuulizwa analeaje. Wasimamizi nao waulizwe. Kazi yao haikuishia kwenye picha ya siku ile na pilau.

Na tuwatenganishe watu wawili ambao mara nyingi hulaumiwa pamoja. Anayewatisha akina mama kwa jina la Yesu tunampinga. Lakini mama aliyekosa tarehe kwa sababu zahanati iko mbali, au alikuwa shambani, au mume alikataa kutoa nauli, huyo hatumhukumu. Anahitaji kusindikizwa. Umoja wa wanawake wa usharika unaweza kujua nani kajifungua na nani hana nauli, haraka kuliko ofisi yoyote. Mama huyo pia aambiwe kwamba kuchelewa si kupoteza: mtoto aliyeruka dozi haanzi upya, muuguzi huendelea pale alipoishia. Na mtoto mwenye ugonjwa mwingine apelekwe vilevile, muuguzi ndiye aamue. Kwa mfano, mtoto mwenye dalili za UKIMWI hapewi BCG, na wahudumu wanalijua hilo.

Tuendelee kuomba. Tuwawekee watoto mikono, tuwaombee usiku na mchana, maana mengi yanayowatisha hayana chanjo. Lakini mama akipiga magoti akamwomba Mungu amlinde mwanawe na pepopunda, kifaduro na homa ya uti wa mgongo, ajue kwamba ombi hilo limekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa, na jibu liko ndani ya jokofu la zahanati. Ainuke, amfunge mtoto mgongoni, achukue kadi, aende akalipokee.